Wainka Hawakukosa Akili ya Gurudumu

Yakizuka mazungumzo juu ya ustaarabu wa kale, hakosi mtu wa kuuliza: kama Wainka, watu waliotawala milima ya Andes huko Amerika Kusini kabla ya Wahispania, walikuwa werevu hivyo, mbona hawakuwa hata na mkokoteni? Swali hilo linanikera, maana limeshahukumu kabla ya kujibiwa. Linachukulia kwamba maendeleo ni ngazi moja tu, na asiyekanyaga kipandio cha gurudumu amebaki chini.

Kabla ya Wainka wenyewe, tuanzie kwa majirani zao wa mbali, Meksiko. Huko Veracruz wanaakiolojia wamefukua sanamu ndogo za wanyama, za udongo wa kuchoma, za karne nyingi kabla ya Columbus. Miguu imetobolewa ili kijiti kipite, na kwenye ncha za kijiti kuna visahani vinavyozunguka. Basi watu wa Meksiko gurudumu walikuwa nalo, na ekseli, yaani kijiti cha kulishikia, pia. Wa kulivuta ndiye aliyekosekana: hapakuwa na ng'ombe, farasi wala punda wa kufugwa katika Amerika yote. Mtasema binadamu angevuta mwenyewe. Angeweza, penye tambarare na njia ngumu.

Sasa nenda kwenye milima ya Andes. Wainka walijenga mtandao wa barabara wa zaidi ya kilomita 30,000, kuanzia Kolombia ya leo mpaka Chile na Argentina. Penye mteremko mkali walichonga ngazi za mawe. Lama, jamaa wa ngamia, hubeba kilo 25 hivi na kupanda ngazi hizo bila shida. Wakimbiaji walipokezana ujumbe kituo kwa kituo. Mkokoteni ungefanya nini pale?

Penye korongo walisuka madaraja ya majani. Moja lipo mpaka leo, Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac nchini Peru, lina urefu wa karibu mita 28. Kila mwaka, mwezi Juni, wanavijiji wa pande zote mbili hulisuka upya. Majani hulowekwa, hupondwa kwa mawe, husokotwa kuwa kamba nyembamba, kisha kamba hizo huunganishwa na kusukwa tena mpaka ziwe nene kama paja la mtu. Nne hulazwa ziwe sakafu, mbili huwekwa juu za kushikilia. Ukiliona daraja hilo, sijui utathubutuje kusema waliolibuni walishindwa kufikiria duara.

Na waliokuwa na gurudumu tangu zamani pia waliliacha lilipokosa faida. Mashariki ya Kati ilikuwa na magari ya kukokotwa tangu enzi za Wasumeri, watu wa kale wa Iraki ya leo, lakini ngamia akaja kuyaondoa barabarani kwa karne nyingi. Hakuna anayesema Waarabu walisahau kufikiri.

Kwetu hadithi ni hiyohiyo, na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu tumelishwa aibu isiyo yetu. Watu wa pwani walifanya biashara na Uarabuni na India kwa zaidi ya miaka elfu moja. Magari ya kukokotwa hayakuwa siri kwao. Hata hivyo misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Sababu ni mbung'o. Ng'ombe na farasi wakipita kwenye mapori yake huugua na kufa. Wamisionari kutoka London walijaribu mwaka 1877: walitia ng'ombe kwenye magari, wakaondoka Saadani kuelekea Mpwapwa. Ng'ombe wakafa njiani, na mizigo ikarudi kwa wapagazi. Wamisionari wale walikuwa na magurudumu, vyuma na fedha, na bado mdudu mmoja aliwarudisha kwenye utaratibu ambao wenyeji walikuwa wameshauchagua.

Gurudumu liliishika njia ile lilipopata wa kulivuta asiyeugua. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 garimoshi likafika Kigoma.