Kipande si sauti: maoni kwa maprodyuza wa Mtwara na Lindi

Fungua kwenye programu ya kurekodi mradi wowote wa wimbo uliorekodiwa mbiombio msimu wa korosho, pale wasanii wanapokuwa na fedha na studio hazilali. Vipande utavikuta vinaitwa "Audio 1_27", "Pattern 43", "mpya", "mpya mpya", na kimoja hakikosi kuitwa "final". Watu husema ni uvivu. Kwa maoni yangu si uvivu, ni kutojua kipande ni kitu gani.

Kipande cha sauti unachokiona kwenye pleilisti, yaani ubao wa kupangia wimbo, si sauti. Ni dirisha. Sauti yenyewe imekaa kwenye faili la WAV ndani ya diski, na kipande kazi yake ni kuiambia programu: soma faili lile kuanzia hapa, ishia pale, lia kwenye baa hii (fungu la mapigo manne). Ukikikata hujalikata faili. Ukiuvuta ukingo wake, maneno uliyodhani umeyafuta yanarudi yenyewe. Kwenye FL Studio, programu inayotumika sana kutengenezea muziki, bonyeza S, kisha buruta katikati ya kipande: fremu inabaki palepale, sauti inateleza ndani yake. Jaribu mara moja tu, maana mengine yote ninayoyasema hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Faida ya dirisha ni kwamba unakata bila woga. Hasara yake huonekana siku ya safari. Umehariri Mtwara mjini, umenakili faili la mradi kwenye flashi, umelipeleka Masasi au Nachingwea. Unafungua, madirisha yote yamejipanga kwa rangi zake, na nyuma yake hakuna kitu. Faili la mradi huwa dogo kwa sababu halijabeba sauti hata chembe, limebeba anwani za sauti. Dawa ipo kwenye kila programu ila inafichwa na uvivu wa kusoma menyu: kwenye FL Studio ni kuhamisha mradi kama "Zipped loop package", kwenye Ableton Live ni "Collect All and Save", kwenye Reaper ni kile kiboksi cha kunakili midia zote unapohifadhi mradi kwa jina jipya. Na kabla ya hapo, tengeneza folda ya wimbo kwanza, hifadhi mradi ndani yake, ndipo urekodi. Ukirekodi kabla ya kuhifadhi, programu nyingi hutupa rekodi kwenye folda ya jumla, na wimbo wa Hamisi unalala kitanda kimoja na wimbo wa Zuhura.

Majina nayo yana wakati wake. Traki ipewe jina kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, kwa kuwa programu nyingi huliita faili kwa jina la traki inayorekodi. Ukisubiri ubadilishe baadaye, mara nyingi umebadilisha maandishi ya dirishani tu, faili ndani ya diski linaendelea kuitwa "Audio 1_27" mpaka kiama. UBETI1_KUU, UBETI1_DABO, KIITIKIO_JUU, inatosha. Folda ianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la wimbo na tempo, yaani mapigo kwa dakika: 2025-11-03_jina_92. Ukianza na siku, kompyuta itakupangia tarehe 3 za miezi yote pamoja.

Rangi sina la kusema sana. Chagua moja kwa vokali, moja kwa ngoma, moja kwa besi, na usizibadilishe wimbo hadi wimbo.

Kipande cha MIDI ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo watu huchanganya. Hakina sauti wala hakina faili la sauti nyuma yake. Kina amri: noti fulani ianze, kwa nguvu fulani kati ya 0 na 127, kisha noti ile iishe. Ndiyo maana ukianza kucheza wimbo katikati ya noti ndefu ya kinanda, kwenye baadhi ya programu hupati kitu. Amri ya kuanza ilishapita, na hakuna aliyeirudia. Ukikikata kipande cha MIDI katikati ya noti ndefu, nusu ya pili inaweza kunyamaza kwa sababu hiyohiyo. Kata kwanza noti zenyewe ndani ya piano rolu (ubao wa kuchorea noti), ndipo ukate kipande. Na kama kiki, lile dundo zito la chini, inasikika nene kupita kiasi sehemu moja tu ya wimbo, usikimbilie ikwalaiza. Tazama kama hakuna noti mbili zilizolaliana mahali pamoja baada ya kubandika mara mbili. Kwa macho huioni, ni noti moja juu ya nyingine. Isogeze ya juu ndipo ya chini itaonekana.

Kwenye FL Studio kuna mtego mwingine. Paterni (kipande cha noti kinachorudiwa) iliyowekwa mara nane kwenye pleilisti ni paterni moja yenye madirisha manane. Ukibadilisha sneya (ngoma yenye mlio mkali) ya kiitikio cha mwisho, umebadilisha zote nane, na hutajua mpaka msanii akuulize kwa nini mwanzo umeharibika. Bonyeza pembe ya kipande, chagua "Make unique", ndipo uhariri. Vipande vya sauti navyo ni hivyohivyo: nakala zote za kipande kimoja hushirikiana mpangilio wa sauti na wa kunyoosha, ukipandisha pichi ya moja zimepanda zote.

Tempo ndiyo inayoumbua wengi. Wimbo umerekodiwa kwenye 92, msanii anasema ongeza moto kidogo, prodyuza anaandika 96. MIDI inatii mara moja, kwa sababu amri zimeandikwa kwa baa na mapigo. Vokali hazitii, kwa sababu faili linahesabu sekunde. Baa 16 kwenye 92 ni sekunde 41.7, kwenye 96 ni sekunde 40 kamili. Kufika mwisho wa ubeti msanii yuko nyuma sekunde 1.7, yaani karibu mapigo matatu. Ukivinyoosha vipande vikafuata tempo, badiliko la asilimia 4 kama hili linavumilika. Ukipita asilimia 10, vokali huanza kusikika kama imeloa maji, na hapo nashauri kurekodi upya bila mjadala.

Ndugu wa tatizo hilo ni biti, yaani muziki wa kuimbia, ya MP3 iliyoshushwa mtandaoni. Mtu anaibandika mwanzo wa baa ya kwanza, anaandika tempo aliyoiona kwenye jina la faili, anaanza kazi. Lakini MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni wakati wa kusimbwa na kusomwa, mara nyingi milisekunde 25 au zaidi. Kuza picha mpaka uione kiki ya kwanza, iteleze ikae kwenye mstari, kisha nenda baa ya 65 uitazame kiki ya pale. Ikiwa imekaa, tempo ni sahihi. Ikiwa imehama kidogo, tempo ina desimali, na adlibu (maneno ya kuchombeza) zote utakazonakili kutoka kiitikio cha kwanza kwenda cha tatu zitakuwa nje.

Sasa nije kwenye ngoma, ambapo nina ugomvi na watu.

Sikiliza ngoma za jando na unyago, au sindimba ya Wamakonde: mara nyingi pigo moja linagawanyika mara tatu. Gridi, ile mistari ya kupangia noti, ambayo programu inakupa ukiifungua tu inagawa pigo mara nne. Prodyuza anarekodi ngoma kwa kibodi ya MIDI, anabonyeza Ctrl+Q ili kila noti ivutwe kwenye mstari wa gridi ulio karibu, na ngoma inageuka kuwa kitu kingine. Hesabu yake ni rahisi. FL Studio isipobadilishwa hugawa pigo katika tiki 96. Mapigo matatu yaliyolingana hukaa kwenye tiki 0, 32 na 64. Mistari ya gridi ya nne iko 0, 24, 48 na 72. Kwa hiyo 32 inavutwa kwenda 24, na 64 inasukumwa kwenda 72. Nafasi zilizokuwa 32, 32, 32 sasa ni 24, 48, 24. Kwenye tempo ya 120, ambapo pigo ni milisekunde 500, kila moja ya madundo hayo mawili limehama milisekunde 42 hivi. Mwendo uliokuwa unazunguka sasa unachechemea. Halafu watu husema sampuli za ngoma ni mbaya!

Weka gridi ya theluthi kwanza. Kisha usibane kwa asilimia mia. Kubana kwa asilimia 50 hupunguza kosa kwa nusu na kuuacha mkono wa mpigaji usikike. Velositi, ile nguvu ya kila noti, nazo zisilingane: noti zote zikiwa 100, hiyo ni mashine ya kukoboa, si ngoma.

Kwa ngoma iliyorekodiwa kwa maikrofoni nina msimamo mkali zaidi: gridi imfuate mpiga ngoma. Kundi lisilozoea kliki (mlio wa kuhesabu mapigo) likilazimishwa kuvaa hedifoni hupiga kwa woga. Rekodi bila kliki, kisha weka alama ya tempo mwanzo wa kila baa nne, au kila baa pale mwendo unapopanda. Reaper inakubali alama za tempo, na Ableton Live inatumia alama za kuvuta ndani ya kipande. Baada ya hapo besi na kinanda vya MIDI vinafuata ngoma vyenyewe, maana tumeshaona kuwa MIDI inahesabu mapigo. Ukiona ni lazima ukate, basi unganisha traki zote za maikrofoni ziwe kundi moja kwanza. Ukisogeza kipande cha ngoma ndogo peke yake, dundo lake bado limo kwenye maikrofoni ya ngoma kubwa, nawe utasikia madundo mawili kama mtu anayegonga mlango kwa vidole viwili.

Vokali. Rekodi mara nne au tano, chagua mstari kwa mstari, funga na ufiche zilizobaki, usizifute. Ugumu uko kwenye viungo, na Kiswahili kina tabia yake hapa. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu ni sauti endelevu: ukiunganisha "a" ya jaribio la pili na "a" ya jaribio la nne, sikio linadaka hata kama pichi inalingana. Usikate mwisho wa neno kwa kuwa tu ni mwisho wa neno. Tafuta p, t, k au ch. Kabla ya herufi hizo mdomo hufunga hewa kwa muda mfupi, na pale kwenye wimbi kuna bonde la kimya. Kwenye "nakupenda" kata kabla ya "ku" au kabla ya "pe", kiungo hakitasikika. Usikate kabla ya "nda". Nd, mb na ng huanzia puani, na sauti ya pua haina bonde. Herufi s na sh zinasamehe, kwa kuwa ni upepo mtupu.

Kila kiungo kipate krosifedi, yaani kipande kimoja kififie huku kingine kikipanda, ya milisekunde 5 hadi 10. Ukikata wimbi likiwa juu na kulibandika kwenye wimbi lililo chini, spika inarushwa ghafla, na huo mruko ndio "tk" unayoisikia. Pumzi za msanii ziache, zipunguze tu. Kimya kati ya mistari kikate, hasa kama umerekodi mvua ikigonga bati au feni ikizunguka kwa sababu chumba hakivumiliki, lakini kingo za kipande zififishwe polepole kwa milisekunde 30 hadi 50. Kelele inayokatika ghafla inasumbua kuliko kelele inayoendelea.

Mwisho ni kupeleka kazi kwa mtu wa miksi, iwe Lindi au Dar. Usimtumie vipande kama vilivyo. Kila traki iunganishwe kuwa faili moja linaloanzia baa ya kwanza, hata kama adlibu inaingia dakika ya tatu. Yeye atayabandika yote mwanzoni na kila kitu kitakaa mahali pake bila ramani. WAV ya biti 24, kiwango kilekile cha sampuli kwa sekunde kwa mafaili yote: faili la 44,100 likisomwa kama 48,000 bila kugeuzwa linakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu robo tatu ya toni nzima. Vokali itoke mono. Kwa 48,000 na biti 24, mono ni MB 8.6 kwa dakika, stereo ni mara mbili. Wimbo wa dakika tatu na nusu wenye traki 24 za mono ni kama MB 725, na ukizitoa zote stereo bila sababu umejinunulia bando la pili.

Kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama sauti. Weka kila kitu kwenye zipu moja, na ndani yake tia faili dogo la maandishi: tempo, ufunguo wa wimbo, na baa ambayo kiitikio kinaanzia.