Kumbukumbu kubwa ya kompyuta si ufujaji mtupu

Windows 95, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilihitaji angalau megabaiti 4 za kumbukumbu; Windows 11 inadai gigabaiti 4, yaani mara 1,024, ilhali karani anayechapa barua ofisini bado anachapa barua ile ile. Kwa hesabu hii wengi wanasema kuwa wingi wa nafasi umewadekeza waandishi wa programu. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa kompyuta wa Uswisi, alilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kupata kasi. Ni malalamiko ya haki, na anayetumia simu ya bei nafuu anayaelewa vizuri, kwani hulazimika kufuta picha za wanawe ili toleo jipya la programu lipate pa kukaa.

Hata hivyo, wanaousifu uhaba wa zamani huisahau gharama yake. Kadi ya karatasi ya kutobolewa matundu, ya kampuni ya IBM ya mwaka 1928, ilikuwa na safu 80, kila safu herufi moja, na humo vilibanwa jina, namba, kiasi cha fedha na tarehe. Diski ya kwanza ya kampuni hiyo, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na bado ilibeba herufi milioni 5 tu. Katika dhiki hiyo, kuandika 67 badala ya 1967 kulikuwa busara, kwa sababu kuliokoa herufi mbili katika kila tarehe. Mazoea hayo yalihama kutoka kwenye kadi hadi kwenye tepu na diski, yakadumu hata nafasi ilipopatikana, mpaka miaka ya 1990, mwaka 2000 ambao ungeandikwa 00 ulipokaribia, wataalamu wakalazimika kupekua programu mstari kwa mstari. Programu iliyotoa 30 kwenye 00 ingemhesabia aliyezaliwa 1930 umri wa miaka 30 chini ya sifuri, na pensheni yake ingetegemea hesabu hiyo. Herufi mbili zilizookolewa zililipiwa upya, tena kwa bei ghali mno.

Kuna gharama nyingine inayonigusa zaidi. Mfumo wa ASCII wa mwaka 1963, wa kuzipa herufi namba ndani ya kompyuta, ulitumia biti 7 (yaani tarakimu saba za 0 au 1) kwa kila herufi, hivyo ulikuwa na nafasi 128 pekee. Kiswahili cha hati ya Kilatini kilibahatika, kwani hata neno ng'ombe lilienea humo pamoja na kibainishi chake. Tenzi za Lamu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu hazikuwa na mahali. Unicode, orodha ya namba za herufi za hati zote, ilipotoka mwaka 1991, na UTF-8, njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti (mafungu ya biti 8), ikabuniwa mwaka uliofuata, kila hati ilianza kupata makao: herufi ya kawaida ya Kilatini huchukua baiti 1, ya Kiarabu 2, na nyingi za Kichina 3. Kwa kipimo cha ubahili huo ni ufujaji. Kwangu, baiti hiyo ya pili ndiyo inayoniwezesha kuutafuta ubeti wa Lamu kwa herufi zile zile alizozitumia mtunzi wake.