Nondo: zikunjwe au zining'inie?

Fuso yenye nondo zilizokunjwa utaisikia kabla hujaiona. Juzi, njia ya Mwanakwerekwe kwenda Fuoni hapa Unguja, ncha mbili tatu zilikuwa zimechomoka kwenye bunda, zinakwaruza lami na cheche zinaruka, huku utingo kakaa juu ya mzigo anaongea na simu. Mwenye bodaboda mbele yangu alipunguza mwendo mwenyewe, hakusubiri kuambiwa.

Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 12, na bodi la Fuso nyingi halifiki hata mita 8. Basi ama uikunje katikati, ama uache kipande kining'inie nyuma na kitambaa chekundu.

Wanaokunja wana hoja. Vichochoro vya mitaa ya Ng'ambo havitaki mkia wa mita 5. Gari likikata kona kulia, mkia unafagia kushoto, pale alipo mtoto wa skuli au muuza madafu. Tena uzito ukizidi nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele panakuwa pepesi, na kwenye vilima vya Pemba, ukitoka Mkoani kwenda Chake Chake, usukani mwepesi si wa kuchezea.

Ila chuma nacho kina lake. Nondo ya milimita 8 haisumbui sana. Ya 16 ikikunjwa kwa nguvu kisha ikanyooshwa kwa nyundo, pale penye pindo inachoka na inaweza kupata nyufa zisizoonekana. Mafundi wengine hulikata pindo wakalitupa, hasara ya mwenye nyumba hiyo. Na bunda lililokunjwa ni springi: likifunguliwa ovyo, humrukia mchukuzi.

Mimi naona zisikunjwe, na mkia pia usiwepo. Semi yenye bodi refu izitoe bandarini Malindi hadi duka la barabara kuu, zikatwe hapo kwa vipimo vya fundi, ndipo Fuso iingie mtaani. Kuna gharama: zikikatwa maungio huongezeka, na kwenye maungio nondo hupandana, mara nyingi kwa kiasi cha mara 40 ya unene wake, yaani sentimita 64 kwa nondo ya 16. Kwa nguzo za mita 3 lakini, zingekatwa vyovyote.

Ajabu ni kwamba katika ubishi huu kufunga mzigo hakutajwi. Nondo ya milimita 12 ina kilo 10 na ushei, kwa hiyo 94 ni tani moja. Kanuni za Ulaya huhesabu kwamba breki kali husukuma mzigo mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake. Kwa tani 5 hiyo ni nguvu ya tani 4, na kati yake na kisogo cha dereva pana bati la kebini tu. Kamba ya manila iliyopitishwa juu hubana za juu; za katikati huchomoka kama njiti za kiberiti. Mnyororo uzungushwe bunda lenyewe, mbao ziwekwe chini kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza, hasa kikilowa masika, na nyuma ya kebini pawe na kizuizi madhubuti. Baada ya kilomita chache, simama ukaze tena: nondo hujipanga njiani, mnyororo ukalegea.

Dereva mmoja aliniambia kusimama huko kunamla tripu moja kwa siku. Nikamuuliza nani kampangia malipo ya tripu. Akanitazama tu. Mzigo ulikuwa wangu.