Rangi ya Simu Iite kwa Jina

Kuna tabia imeenea kwa watengeneza programu hapa Kampala, nami siipendi hata kidogo. Mteja anataka vitufe vyenye "bluu ile ya iPhone". Kijana anapiga picha ya skrini, anachota rangi, anapata namba, anaibandika kwenye msimbo. Bosi, kazi tayari, lete pesa.

Mara nyingi namba yenyewe si sahihi. Skrini za iPhone za sasa hutumia wigo wa rangi uitwao Display P3, mpana kuliko ule wa kawaida, sRGB, kwa hiyo ukichota ovyo unaambulia bluu jirani. Na hata ukiipata barabara, namba #007AFF iliyozoeleka miaka mingi, hiyo ilikuwa ya mchana tu, yaani skrini ikiwa nyeupe. iOS 13, toleo la mfumo wa iPhone, ilipoleta hali ya giza mwaka 2019, gizani bluu hiyo ikawa #0A84FF. Ukiandika systemBlue, jina la bluu hiyo kwenye mfumo, badala ya namba, simu inachagua yenyewe. Apple wenyewe wanaonya kwamba thamani hizi zaweza kubadilika toleo hadi toleo.

Bluu ikikosewa, basi, ni aibu ndogo. Balaa liko kwenye maandishi. Mtu anaandika #000000, nyeusi tupu, kwa herufi, halafu mandharinyuma anauachia mfumo. Sasa mwendesha boda wa Ntinda, saa tatu usiku, simu yake iko kwenye hali ya giza: anafungua oda, namba ya mteja ni nyeusi juu ya nyeusi. Anainamisha simu huku na huku, kisha anaifuta programu yako. Kwenye iOS, majina label (rangi ya maandishi) na systemBackground (rangi ya mandharinyuma) yangebadilika pamoja, bila wewe kuamka usingizini.

Na wengi wetu hapa tunatumia Android, ambako tangu toleo la 12, mwaka 2021, rangi zaweza kutoka kwenye picha ya ukutani ya mwenye simu. Huko hiyo bluu ya kunakili utaichota kwa nani?

Rangi ya kampuni ni habari nyingine. Njano ya MTN ibaki njano ya MTN. Iweke kwenye nembo na kitufe kikuu. Ila usiandike kwa njano juu ya nyeupe: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote, inataka utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na jua la saa saba mchana halina huruma.

Nawe mteja, kabla ya kulipa, washa hali ya giza mbele ya mtengeneza programu, upitie kila ukurasa.