Panchang: hesabu naikubali, habari ya saa mbaya bado sijashawishika

Watu wakiona Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, inahamahama kila mwaka wanadhani wanajipangia tu, kumbe kuna hesabu nzito. Kalenda yao, panchang, ina vitu vitano: tithi (siku ya kimwezi), siku ya wiki, nakshatra (fungu la nyota mwezi ulipo), yoga (si mazoezi, ni hesabu ya jua na mwezi kwa pamoja) na karana (nusu ya tithi). Mi nitakaa kwenye tithi, utamu uko hapo.

Mwezi wa angani ukiliacha jua kwa digrii 12 nyingine, tithi moja imeisha. Sasa mwezi hauna spidi moja, so kuna tithi ya masaa 19 na nyingine inagonga 26, na inaanza muda wowote inaotaka. Siku inabeba jina la tithi iliyokuwepo jua linapochomoza, ndo maana kuna tarehe inarukwa kabisa na nyingine inajirudia siku mbili.

Chukua Diwali ya 2024. Inaangukia amavasya, tithi ya usiku wa giza totoro, na taa huwashwa jioni ambayo amavasya ipo, sio kwa kuangalia jua linapochomoza. Mwaka ule kwa saa za India ilianza Oktoba 31 saa kumi kasoro alasiri ikaisha Novemba 1 saa kumi na mbili na robo jioni. Delhi tarehe 1 jua lilizama kabla haijaisha, kwa hiyo jioni zote mbili zimo, mapandit, makuhani wa Kihindu, wakavutana weee, wengine taa tarehe 31 wengine tarehe 1. Ila rudisha masaa mawili na nusu uje Dar au Nairobi: tarehe 1 amavasya imekwisha kabla ya saa kumi alasiri, jua linawaka. Kwa anga ya huku jibu ni 31, ubishi unakuja ukishika kalenda iliyochapwa India. Sisi wa mwezi mwandamo, wa kwetu au wa Makka, huo mvutano tunaujua vizuri tu.

Kwenye muhurta, saa njema, ndo naanza kusita. Kuna Rahu kaal, muda wa kutoanza jambo: mchana unakatwa mafungu nane, Jumatatu baya ni la pili, yaani kama saa moja na nusu mpaka saa tatu asubuhi, Jumapili ni la mwisho. Tithi unaipima angani, sawa, lakini Jumatatu mwezi unaijulia wapi? Wiki tumehesabu wenyewe.

Wanaoitetea wana hoja pia. Pandit akishataja saa ya ndoa, mashangazi na wakwe hawagombani tena, na hata soko la hisa la Mumbai hufungua saa moja maalum ya Diwali, wafanyabiashara wananunua kidogo kwa ajili ya baraka, nani kaumia? Hapo sina neno. Tatizo langu ni wale wanaompangia mama operesheni ya kujifungua kwa kufuata nyota, maana hapo mwenye saa anatakiwa awe daktari.