Madawati nje ya geti, vumbi ndani ya geti

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwenye makabidhiano ya madawati katika shule moja ya msingi. Yalitolewa na kiwanda jirani cha nyuzi, na wafanyakazi waliletwa kwa basi kuja kushangilia. Mama mmoja niliyekaa naye alikuwa amejifunga kipande cha kanga shingoni. Nilidhani ni urembo. Akakipandisha hadi puani kwake kunionyesha: "Hii ndiyo barakoa yangu. Vumbi la pamba kule ndani, bila hii hufiki saa sita." Walikuwa wameomba barakoa tangu mwaka wa nyuma. Chama cha wafanyakazi hakikuwepo.

Madawati yale siyabezi. Watoto walikuwa wanakaa chini. Ila tangu siku ile, nikisikia watu wanajadili CSR, yaani uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, nawaza mama yule angepaza sauti kupitia mlango gani. Mjadala wetu ni wa madarasa, visima na zahanati, na hata sheria imeuweka huko. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini ya Tanzania, baada ya marekebisho ya 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa kushauriana na mawaziri wa serikali za mitaa na fedha. Chama cha wachimbaji hakikutajwa.

Wapo wanaoona ni sawa kisitajwe, na hoja yao si ya kupuuzwa. Chama, wanasema, kinatetea wanachama wake, ilhali mkulima anayechota maji chini ya mgodi si mwanachama wa mtu. Mishahara na vifaa vya kazi vina meza yake, ndiyo mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri. Ukikikaribisha chama kwenye fedha za kijiji, kisima kitageuka nyongeza ya posho. Tena chama kinaweza kabisa kunyamazia moshi na maji machafu kwa kuogopa kiwanda kufungwa na watu wake kukosa kazi.

Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini hoja yenyewe inachukulia kwamba ndani ya geti kuna mtu mwingine anayeangalia, na kilichotokea Bangladesh kinaonyesha vinginevyo.

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, ghorofa 8, eneo la Savar nje ya Dhaka. Jengo hilo lilikuwa na maduka, tawi la benki na viwanda 5 vya nguo. Kesho yake benki iliwaambia wafanyakazi wake wasije, na maduka hayakufunguliwa. Mafundi cherehani waliamriwa kupanda juu, baadhi wakitishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Kabla ya saa tatu asubuhi jengo lilianguka. Walikufa watu 1,134.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Nyufa zilikuwa zilezile, na wote waliziona. Mtetezi wa hiari ya kampuni anaweza kusema kwamba benki ile ndiyo ushahidi wake: mwajiri aliyejali aliokoa watu bila chama. Ni kweli, waliokolewa. Lakini tazama maana yake kwa aliyekuwa ghorofa ya juu. Uhai wake ulitegemea bosi wake ameamkaje asubuhi ile. Hakuna hata kimoja kati ya viwanda vile 5 kilichokuwa na chama, kwa hiyo hapakuwa na wa kusimama mlangoni na kusema leo hatupandi, halafu kesho awe bado ana kazi.

Wakaguzi walikuwepo. Viwanda viwili kati ya hivyo vilikuwa vimekaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya, ila ukaguzi ule haukuhusu uimara wa jengo. Mwaka uliotangulia, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises cha Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi, na wiki chache baadaye, Septemba 2012, moto ukaua humo zaidi ya watu 250. Mahakama ilikuja kuthibitisha kwamba moto uliwashwa makusudi. Hata hivyo madirisha ya nondo na milango iliyofungwa ndivyo vilivyowazuia watu kutoka. Mkaguzi anakuja kwa miadi, anaonyeshwa alichoandaliwa, jioni anaondoka. Fundi anaujua mlango uliofungwa kwa sababu anapita hapo kila siku.

Ndiyo maana makubaliano ya Accord, ya usalama wa viwanda vya nguo vya Bangladesh, yaliyosainiwa Mei 2013, nayaona ya aina nyingine. Kampuni zaidi ya 200 ziliingia mkataba wenye nguvu ya kisheria na vyama viwili vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI. Ripoti za ukaguzi ziliwekwa hadharani, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia penye hatari. Ni haki kusema pia kwamba kundi la pili, Alliance, lililoundwa na kampuni za Amerika Kaskazini kama Walmart na Gap bila vyama kuwa wahusika, nalo lilikarabati viwanda vingi. Tofauti ilionekana pale kampuni iliposuasua. Chini ya Accord, vyama vilizifikisha kampuni mbili kwenye usuluhishi wa The Hague, na moja ikakubali mwanzoni mwa 2018 kulipa dola milioni 2.3, nyingi zikiwa za kukarabati viwanda.

Nyumbani vyama vyetu vina deni lao. Wanachama wengi watakuambia wanachokipata kwa makato ya kila mwezi ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale chama kinapokuwa na wengi, na fedha ya namna hiyo humlegeza kiongozi. Kibarua aliyeletwa na wakala wa ajira, ambaye mara nyingi ndiye hupewa kazi chafu zaidi, hana wa kumsemea. Chama cha namna hiyo kikiketi kwenye meza ya mpango wa mgodi kitakuwa pambo.

Hata hivyo ningependa kiti hicho kiwepo, na akikalie katibu wa tawi anayeingia zamu kama wenzake. Siku halmashauri inapohesabu madawati, awepo wa kuuliza barakoa ziko wapi. Mama yule alipanda basi la saa tisa kurudi zamu ya jioni, kanga bado iko shingoni.