Gemu naipima kwa pedi ya pili

Vijana wanaponiuliza zipi kali kati ya gemu za zamani na za sasa, huwa wanataka nichague upande. Wenzangu wengi wa rika langu hapa Mbeya walishachagua siku nyingi: kwao Winning Eleven ndiyo ilikuwa mpira, zilizofuata zote ni picha tu. Mdogo wangu naye anaona kila kilichotoka kabla ya PS4 (PlayStation ya nne) ni cha makumbusho. Sikubaliani na hata mmoja wao. Nacheza tangu enzi za kanda za kuchomeka kwenye mashine mpaka leo, na sijawahi kuipima gemu kwa mwaka iliyotoka wala kwa ukali wa picha. Nauliza jambo moja: pedi ya pili, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, inafanya kazi? Mgeni akiingia nyumbani, naweza kumkabidhi pedi akakaa pembeni yangu, tukacheza kwenye TV moja, bila bando wala akaunti?

Swali hilo nimelitoa mabandani. Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, kila mtaa ulikuwa na banda lake: mbao, mabati, TV ya chogo, benchi moja refu na pazia mlangoni la kukinga mwanga. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, lakini huku kwetu mashine moja ilibeba mtaa mzima. Anayefungwa analipa na anapisha, anayeshinda anabaki. Kwa hiyo mtoto asiye na hela lakini mwenye vidole aliweza kukaa kwenye benchi tangu anatoka shule mpaka jioni.

Nani aliyecheza Mbeya mwezi Julai asikumbuke ile baridi? Kabla ya mechi unaweka viganja kwapani kwanza, maana kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kubonyeza vitufe vya L1 na pembetatu kwa wakati, na pasi ya juu ya kupenyeza ikichelewa kidogo tu beki ameshaiwahi. Winning Eleven nyingi tulizocheza zilikuwa za Kijapani. Mtangazaji wake, Jon Kabira, hatukumwelewa hata neno, ila sauti yake ikianza kupanda ulijua hatari imefika. Menyu tulizijua kwa mahali zilipokaa: shuka mara mbili, eksi, tena eksi, umefika kwenye kuchagua timu.

Kwenye PES 6 ya mwaka 2006, ambayo ni Winning Eleven kwa jina la nje ya Japani, Adriano wa Inter alipewa nguvu ya shuti 99. Ukimwachia nafasi ageukie mguu wa kushoto, hata akiwa mbali na boksi, kipa anabaki msindikizaji. Banda letu likapiga marufuku Inter. Hakuna aliyetoka Japani kuja kurekebisha gemu, sheria tuliitunga wenyewe pale benchini na ikaheshimiwa. Ya pili ilikuwa ya penalti: kwa kuwa mko bega kwa bega, mwenzio anaona dole gumba lako linaelekea wapi, hivyo kila mmoja anaruhusiwa kuingiza pedi ndani ya sweta. Watu wazima wawili, mikono tumboni, macho kwenye TV, banda zima kimya.

Naikumbuka kwa ajili ya hayo, lakini pia kwa ajili ya mpira wenyewe. Ule mpira ulikuwa na uzito wake. Haukunata mguuni, ulidunda, uligonga kisigino ukaenda usikotaka, na mwenye pasi fupi fupi za subira alimchosha mwenye kukimbia. Gemu za mpira za sasa zina nyasi, jasho na mpaka mikunjo ya jezi, na zimenipa mechi nyingi nzuri. Kuhamia FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, kulinitesa kwa sababu moja, ambayo kila aliyehama anaijua: shuti lilitoka kwenye kitufe cha mraba likahamia kwenye cha duara, na mkono uliozoea ukawa unapiga krosi mbele ya goli tupu.

Tekken 3 nayo, gemu ya kupigana iliyotua kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1998, ilikuwa darasa la aina yake. Mabingwa walimtumia Jin au Hwoarang, wageni walimkimbilia Eddy Gordo, Mbrazili wa capoeira, kwa sababu ukibonyeza vitufe vya mateke bila mpango anazunguka tu na kumwangusha mtu. Mtoto wa darasa la tatu aliweza kumtoa kijana mwenye ndevu. Na ukitaka wahusika waliofichwa, unamaliza gemu kwa huyu, unamaliza kwa yule, wanafunguka. Jasho lako ndilo ufunguo. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024, Eddy hakuwemo. Alikuja Aprili, akiwa mhusika wa kwanza wa kuuzwa pembeni. Nasema hivi nikiwa naipenda Tekken 8. Ni gemu nzuri kweli kweli na pedi ya pili bado iko pale. Lakini yule yule aliyekuwa mlango wa wageni sasa ana bei yake, na hilo linaniuma.

GTA: San Andreas sitakaa nayo sana, maana kila mtu anaijua: daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma, kodi ya siri ya vitufe: R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, na CJ, mhusika mkuu, anapata dola 250,000 na afya mpya. Wachache walijua kwamba kwenye PS2 kulikuwa na sehemu za kuchezea wawili, mnatembea mtaani pamoja kwenye skrini moja. Kwenye GTA V ukitaka kucheza na mwenzio lazima muingie mtandaoni, kila mtu na mashine yake.

Wanaosema za zamani zote zilikuwa bora wanasahau mengi. Zile kanda zilizoandikwa gemu 9999 ndani yake ukihesabu unakuta chache, zimerudiwa rudiwa kwa majina tofauti. Contra, gemu ya bunduki, ilikupa roho tatu tu, na bila ile kodi ya juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A ya kukupa roho 30, wengi wetu tusingeuona mwisho wake. Kodi yenyewe alianza kuiweka Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami kwenye gemu ya Gradius ya mwaka 1986, kwa sababu gemu ilimshinda yeye mwenyewe wakati wa kuijaribu. Na usipokuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofika, ile ya PS2 ya MB 8, umeme ukikatika unaanza upya. Sioni cha kukililia hapo.

Na za sasa zina mambo ambayo za zamani hazikuthubutu. It Takes Two ya mwaka 2021 huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Imetengenezwa kwa watu wawili toka mwanzo mpaka mwisho, skrini imegawanywa, kila mmoja ana kazi ambayo mwenzio hawezi kuifanya, na mwaka ule ule ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Watengenezaji wake, Hazelight wa Sweden, wakarudia na Split Fiction mwaka 2025. Cuphead nayo inanirudishia Contra yote: wawili, bunduki, mabosi wasio na huruma, na michoro iliyochorwa kwa mkono.

Ila gemu mpya ninayoipenda kuliko zote ni ya kilimo. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, akachora, akaandika programu na akatunga muziki, ikatoka mwaka 2016. Baadaye ikaongezewa skrini ya kugawana, na hapo ndipo mke wangu alipoingia. Kwao ni Njombe, kwenye viazi. Kwenye gemu msimu una siku 28, viazi vinakomaa kwa siku 6, na msimu ukiisha mazao ambayo si ya msimu unaofuata yanakauka shambani. Jioni moja nikawa nachimba mashimo, yeye akashusha pedi akanitazama: “Mume wangu, unapanda viazi leo na msimu umebaki siku nne? Hela ya mbegu umeokota?” Mtu ambaye hajawahi kuingia banda la gemu maisha yake yote alikuwa anaisoma kalenda ya Stardew haraka kuliko mimi. Picha zake ni za vidotovidoto kama za enzi za kanda. Gemu yenye GB 150 imewahi kunichosha mapema zaidi.

Zipo gemu za mtu mmoja ninazozisamehe. God of War ya 2018 haina pedi ya pili, lakini kamera yake haikatiki tangu mwanzo hadi mwisho, na hadithi ya Kratos na mwanawe ilijaza sebule yangu watu waliokuja kuangalia tu, wakabishana na kunielekeza njia. Na Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Abubakar Salim baada ya kufiwa na baba yake, unaweza kuiweka kwa sauti za Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Sisi tuliokulia kwenye Kijapani cha Jon Kabira tunajua hilo lina uzito gani.

Wataniambia: pedi ya pili ya nini, si mnacheza mtandaoni? Sawa, tuingie mtandaoni. Tekken inakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde na ngumi ya haraka inafika kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mpinzani wako anaweza kuwa Afrika Kusini au Ulaya. Mpaka data itoke Uyole, iende huko na kurudi kwa intaneti ya simu, umeshapigwa, umeanguka, na aliyekupiga humwoni uso. Na kabla ya kuifikia hiyo mechi kuna kupakua. FC 25, yaani FIFA kwa jina jipya, kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 100. Piga hesabu ya bando.

Halafu kuna pakiti. Hapa ndipo ninapokasirika hasa. Ultimate Team, sehemu ya kujijengea timu yako, iliingia FIFA kwa FIFA 09, na tangu hapo mtoto ananunua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani kuna nani, anafungua, taa zinawaka, hajampata aliyemtaka, ananunua nyingine. Hiyo ni mashine ya dubwi, tofauti yake ni kwamba hii haikai baa, imekaa sebuleni kwako na kadi yako ya benki imo ndani. Ubelgiji waliangalia jambo hili mwaka 2018 wakasema ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points, sarafu za kununulia pakiti, nchini humo. Mtaa wetu umeshajaa mikeka ya kubeti. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja anaijua thamani ya pakiti kuliko anavyojua kupiga krosi, na hilo sijalizoea na sitaki kulizoea.

La mwisho ni umiliki. Diski yangu ya God of War imeshasafiri na basi mpaka Iringa kwa binamu yangu Kihesa, ikakaa huko, ikapita kwa rafiki zake, ikarudi ina mikwaruzo lakini inasoma. Mwaka 2013, Microsoft walipotaka kubana kuazimana gemu za Xbox One, Sony walitoa video fupi ya kuonyesha namna ya kuazimana gemu za PS4: mmoja anampa mwenzake boksi mkononi, basi, imeisha. Watu walishangilia na Microsoft ikarudi nyuma. Miaka 11 baadaye Sony hao hao wakatoa PS5 Pro isiyo na sehemu ya diski, ukiitaka unainunua kando. Na kampuni ya Ubisoft, waliouza gemu ya magari ya The Crew tangu 2014, walizima seva zake 31 Machi 2024, na waliokuwa wameinunua kwa hela yao hawakuweza tena kuicheza hata peke yao. Ndipo mwana-YouTube Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 ombi lao Ulaya likapita sahihi milioni moja. Ningekuwa raia wa huko ningesaini siku ya kwanza.

Vijana wa kijiweni Kabwe leo wanacheza kwenye simu, kila mtu na yake, vichwa chini. Nawaelewa, simu ndiyo wanayo. Wapo wanaoweka PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, yenye pachi za jezi za Simba na Yanga, kazi ya mikono ya vijana wenzao, na ubunifu huo naupenda kuliko gemu nyingi zilizoletwa na makampuni.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue nini kwa hela ya kuunga unga, namwambia PS4 iliyotumika, yenye sehemu ya diski, na pedi mbili. Kabla hujalipa, muuzaji aiwashe. Ingiza diski, sikiliza kama inasoma bila kukwaruza. Fungua mechi ya wawili, uache pedi zote mezani bila kuzigusa, uangalie kama kuna mchezaji anayetembea mwenyewe. Akitembea, analogi (kijiti cha kuelekezea) imechoka, shusha bei au omba nyingine. Kisha mpe muuzaji pedi moja mcheze kipindi cha kwanza.